Njia Iliyotangulia Mtaa: Kasese, Bwera na Ardhi Iliyokatwa Vipande

Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 ilikuta tambarare yenye joto, nyasi, wanyama na watu wachache. Zaidi ya kilomita 300 za reli kutoka Kampala zilikuwa zimetandikwa kwa sababu moja, nayo ni shaba ya Kilembe, kwenye bonde la mto Nyamwamba, pale milima ya Rwenzori inapoanza kupanda. Mji ulizaliwa mahali treni ilipoishia. Upande wa kusini-magharibi, chini ya kilomita 70 kwa barabara, palikuwa na mahali ambapo hapakuhitaji treni ili pawe na watu: Bwera, nchi ya migomba na kahawa ya Wakonzo, inayotazamana na ndugu zao Wanande ng'ambo ya mto Lhubiriha. Leo Kasese ni manispaa, na Bwera imekuwa kitu kimoja na Mpondwe na Lhubiriha, mji wa mpakani ambao sensa ya mwaka 2014 iliukuta na watu zaidi ya 50,000. Ukisoma historia ya mitaa ya miji hii miwili utaona kwamba inapingana na maelezo tuliyoyazoea, kwamba miji yetu inatawanyika ovyo kwa kuwa haikupangwa. Ninavyoona mimi, vurugu ya pembezoni mwa Kasese na Bwera ilianza pale amri ya zamani ya kupita, yaani njia ya miguu ambayo hakuna aliyeweza kuiziba, ilipokufa kabla amri mpya ya barabara haijazaliwa.

Inafaa tuanze na hiyo amri ya zamani, maana kwa kawaida wanaoandika kuhusu miji huanzia kwenye ramani ya mkoloni, kana kwamba kabla yake watu walikuwa wamesimama mahali pamoja. Wakonzo waliishi juu, kwenye migongo ya milima, nyumba moja hapa na nyingine kule, kila ukoo ukiwa na mgongo wake wa mlima. Hapakuwa na kijiji cha nyumba zilizobanana, lakini njia zilikuwapo nyingi: za kushuka mtoni, za kuvuka kutoka mgongo hadi mgongo, za kwenda shambani, na zile ndefu za biashara. Chumvi ya ziwa Katwe peke yake ilitosha kuziweka wazi. Watu waliibeba hadi Toro, Ankole na ndani ya Kongo, na ilikuwa mali ya kupiganiwa, ndiyo maana Lugard, afisa wa Kiingereza, alijenga ngome karibu na Katwe mwaka 1891. Katika mfumo huo mtu alikuwa na shamba, lakini njia iliyopita shambani mwake haikuwa yake. Angeweza kuisogeza kidogo ili apande mgomba, asiweze kuiua. Atakayeiziba atakuwa na ugomvi na kila anayepita, na ugomvi wa namna hiyo humalizwa na wazee, tena upesi.

Halafu tambarare ikaanza kufungwa. Ugonjwa wa malale mwanzoni mwa karne ya 20 uliifanya serikali ya Waingereza iwahamishe watu kutoka kandokando ya maziwa George na Edward, na nchi iliyoachwa na watu ikawa ya wanyama. Mwaka 1952 sehemu kubwa yake ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya Kazinga, na miaka miwili baadaye, Malkia Elizabeth alipoitembelea Uganda, ikapewa jina lake. Wasongora, wafugaji wa tambarare hiyo, walipoteza malisho. Juu nako, mwaka 1991, milima yenyewe ikawa hifadhi ya taifa. Zaidi ya nusu ya wilaya ya Kasese leo ni ardhi ambayo mtu haruhusiwi kujenga, na ukiongeza gereza la Mubuku lenye mashamba yake, skimu ya umwagiliaji ya Mubuku iliyoanza miaka ya 1960, na ardhi ya kiwanda cha saruji cha Hima, utaelewa kwamba watu wanagawana ukanda mwembamba kati ya mlima na mbuga. Idadi ya watu wa wilaya ilikuwa karibu 343,000 mwaka 1991, na ilipofika mwaka 2014 ilikuwa karibu 695,000. Watu wameongezeka maradufu katika miaka 23, na ukanda umebaki uleule.

Ndani ya ukanda huo, miaka ya 1950, mipango miwili ilichorwa karibu kwa wakati mmoja, na tofauti yake inafundisha mengi. Kampuni ya Kilembe Mines, iliyoanzishwa mwaka 1950 kwa mtaji mkubwa wa Wakanada, ilijenga makazi ya wafanyakazi bondeni: nyumba za mameneja mahali pake, za makarani mahali pake, za wachimbaji mahali pake, pamoja na hospitali, shule na viwanja vya michezo. Kila kitu kilipangwa. Lakini bonde lilikuwa jembamba, na kampuni haikuwa na haja ya mtu kupita kwenda kokote isipokuwa mgodini na kurudi. Kwa hiyo barabara ilikuwa moja, ikipanda na mto, na makazi yakaning'inia pembeni mwake. Kule chini Kasese, mji wa reli, mambo yalikuwa tofauti. Tambarare iliruhusu mistari iliyonyooka. Mji uligawanywa katika mitaa inayokatana, wenye maduka wakapewa viwanja vinavyotazama barabara mbele na kichochoro cha huduma nyuma, na majina ya wavumbuzi wa Kizungu na ya vilele vya Rwenzori yakabandikwa kwenye mitaa. Mtu aliyetoka stesheni kwenda sokoni alikuwa na njia tatu au nne za kuchagua, zote za urefu unaokaribiana.

Mwaka 1965 msanifu Christopher Alexander aliandika makala mashuhuri akidai kwamba mji si mti. Alikuwa anawapinga wapangaji wa Ulaya na Marekani waliochora miji yenye shina, matawi na vijiti, ambamo kila kijiti kinategemea tawi moja na kila tawi linategemea shina. Kilembe ni mti wa namna hiyo. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulipofurika, ukabeba madaraja na nyumba na kuvamia hospitali ya Kilembe, bonde zima lilijua maana ya kuwa na shina moja: likikatika, walio juu yake hawana pa kuzungukia. Mafuriko yakarudi mwaka 2014, na Mei 2020 yakaipiga tena hospitali ileile. Nayataja kwa sababu yanavunja ile imani nyepesi kwamba kilichopangwa kimeunganika na kisichopangwa kimekatika. Kilembe ilipangwa kuliko sehemu yoyote ya wilaya, na ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kutengwa na dunia.

Wapo waliotafuta namna ya kulipima jambo hili. Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walichukua ramani za barabara za dunia, zile zinazochorwa na wananchi wenyewe katika OpenStreetMap, wakauliza maswali ambayo hata mwendesha bodaboda angeyauliza. Kwenye kila njia panda, barabara ngapi zinakutana? Ni ngapi haziendi popote? Kutoka hapa hadi pale, mzunguko ni mrefu kiasi gani kuliko mstari ulionyooka? Mwaka 2015 walionyesha kwamba nchini Marekani mitaa ilizidi kukatika kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, hadi katikati ya miaka ya 1990 ndipo mwelekeo ukageuka. Mwaka 2020 walitoa picha ya dunia nzima: tangu mwaka 1975, mitaa mipya katika nchi nyingi imekuwa ikiungana vibaya kuliko ile iliyoitangulia, ingawa nchi kama Argentina na Bolivia zimeendelea kujenga mitaa inayokatana. Linalotuhusu zaidi ni kwamba mtaa uliochorwa leo haubadiliki kesho. Nyumba hubomolewa na kujengwa upya, maduka hubadilika kuwa hoteli na hoteli kuwa maduka, lakini mstari wa barabara hukaa, na mitaa inayofuata huiga ile iliyotangulia au hulazimishwa nayo.

Kama hilo ni kweli, wakati wa kuutazama mji ni ule wa ugawaji wa kwanza, na kwa Kasese yenye ukubwa tunaoujua leo, ugawaji huo haukufanywa na reli. Serikali ya Idi Amin iliuchukua mgodi mwaka 1975, na uzalishaji wa shaba ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Treni zilipungua, zikachechemea, na mwishoni mwa miaka ya 1990 njia ya Kampala hadi Kasese ilikuwa imekufa. Kwa hesabu za kawaida mji ungekufa nayo. Badala yake ulikua. Mwaka 1991 Kasese ilikuwa na watu chini ya 20,000, na mwaka 2014 walikuwa zaidi ya 100,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni ya kalamu tu, kwani Kasese ilipopandishwa kuwa manispaa mwaka 2010 mipaka yake ilipanuliwa hadi kuimeza Kilembe. Lakini hata ukiitoa sehemu hiyo, mji uliongezeka mara kadhaa bila mgodi na bila reli, huku ukilishwa na pamba ya chama cha ushirika cha Nyakatonzi, saruji ya Hima, makao makuu ya wilaya, biashara ya Kongo, na baadaye kobalti iliyotolewa katika mabaki ya mgodi.

Uliongezeka pia kwa vita, jambo ambalo wanaoandika kuhusu mitaa husahau kulitia hesabuni. Mgogoro wa Rwenzururu, ulioanza mwaka 1962 Wakonzo na Waamba walipotaka kujitoa katika ufalme wa Toro, uliwafanya watu wengi wakae juu kwa miaka 20, na makubaliano ya mwaka 1982 yakafungua mteremko. Kisha Novemba 1996 waasi wa ADF waliishambulia Mpondwe, vita vikahamia milimani, na safari hii mlima haukuwa tena mahali pa kukimbilia. Ukawa mahali pa kukimbia. Watu walioshuka kwa hofu walihitaji kipande kidogo cha ardhi, tena upesi, karibu na barabara na wanajeshi. Hakuna aliyesubiri mpimaji.

Basi ardhi ilikatwaje? Katiba ya mwaka 1995 ilisema ardhi ni ya raia, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikatambua namna nne za kuimiliki, umiliki wa kimila ukiwa mojawapo, nao ndio ulioenea zaidi katika wilaya hii. Mwenye shamba la kimila kando ya mji hana hati. Ana mashahidi, miti ya mpaka, na makaburi ya wazee wake. Anapohitaji ada ya shule hukata kipande upande mmoja, na karatasi ya mauziano husainiwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kwa kawaida hutaja majirani wa kila upande, bei na mashahidi. Mwaka unaofuata hukata kingine. Kila mkato una akili yake: muuzaji anataka auze futi nyingi iwezekanavyo, na mnunuzi anataka mlango wake ufikiwe. Kwa hiyo njia inaachwa kutoka barabarani hadi mlangoni pa mnunuzi wa mwisho, na hapo inakoma. Jirani wa upande wa pili naye anauza hivyohivyo, na njia yake inakoma ikiwa upande wa pili wa ukuta uleule. Njia mbili zinapeana mgongo, na hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyefanya jambo la kipumbavu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba tatizo ni mila. Mila ilikuwa na njia. Shamba lililokatwa miaka ya 1990 lilikuwa limepitwa na vijia vitatu au vinne tangu zamani, na vijia hivyo viliunganisha kisima, shule, kanisa na barabara. Ilichokuwa nacho mila, na karatasi ya mauziano haina, ni madai ya watu wasiokuwapo. Mila ilimsikiliza mpita njia ingawa hakuwa na sehemu katika ardhi ile. Karatasi ina safu mbili tu, ya muuzaji na ya mnunuzi, na mpita njia hana pa kusaini. Upande wa pili, sheria ya mpimaji, ile iliyochora katikati ya Kasese, nayo ilimkumbuka mpita njia kwa namna yake, kwa kutenga upana wa barabara kabla ya kiwanja cha kwanza kutolewa. Pembezoni, kuelekea Kamaiba, Nyakasanga na Rukoki, mahali pengi hapana la mila wala la mpimaji. Kijia cha zamani kinadumu hadi mwenye kiwanja apate fedha za ukuta.

Bwera inalionyesha jambo hili vizuri zaidi kwa sababu haikuwa na mchoro wa kuharibiwa. Mpaka uliowekwa na Waingereza na Wabelgiji kwa makubaliano ya mwaka 1910 uliwagawa watu wa lugha moja, na mto Lhubiriha ukawa mpaka wa dola mbili. Barabara kutoka Kikorongo ilipita Kinyamaseke na Kisinga ikashuka hadi Mpondwe, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mji: maduka pande zote mbili, nyuma yake migomba. Soko la mpakani lilivuta Wakongo kutoka Kasindi, Beni na Butembo, wakileta mawese, mbao na vitenge, wakiondoka na samaki, sabuni, chumvi na unga. Asiyeijua Bwera akiitazama ramani ya barabara zake ataona shina tupu lenye vijiti vifupi, na vipimo vya wale watafiti wawili vingeipa alama mbaya. Lakini wenyeji hawaendi kwa ramani hiyo. Nyuma ya maduka kuna vijia vinavyokwenda mtoni, vinavyopanda Isango na Karambi, vinavyounganisha kitongoji na kitongoji pasipo kugusa lami. Vingine vinavuka mto, na serikali inaviita njia za panya. Juni 2019, Ebola ilipoingia Uganda kutoka Kongo, familia iliyokuwa na wagonjwa ilipita kwenye kijia na kuikwepa forodha, na wataalamu wa afya wakalazimika kujifunza haraka mtandao ambao haukuwa kwenye ramani yoyote ya ofisi.

Msomaji makini atasema hapo nimejikata mguu mwenyewe. Ikiwa watu wa Bwera wanatembea, na bodaboda inapita popote mtu anapopita, basi muunganiko upo, na kilio cha barabara zisizotokea ni kilio cha wenye magari. Pingamizi hili ni zito na nusu yake naikubali. Ni kweli kwamba vipimo vilivyotengenezwa kwa kuangalia vitongoji vya Marekani, ambako mtu bila gari ni kama mfungwa, haviwezi kuhamishwa hadi Bwera bila kurekebishwa. Kule, barabara isiyotokea ilichorwa makusudi: mamlaka ya mikopo ya nyumba ya serikali ya Marekani ilianza kuipendekeza miaka ya 1930, ili gari la mgeni lisipite mbele ya nyumba ya mtu. Hapa haikuchorwa na yeyote. Lakini nusu ya pili ya pingamizi inadhani kwamba kijia kitakuwapo daima, nacho hakina ulinzi wowote. Kinaishi kwa hisani ya wenye viwanja. Kila nyumba ya matofali inayojengwa juu ya shamba la migomba inahitaji ukuta, hasa mjini penye wizi na kumbukumbu ya vita, na kila ukuta unaua kijia kimoja au viwili. Kwa hiyo Bwera imeunganika leo kwa kiasi kilekile ambacho haijajengwa bado, na kadiri inavyojengwa muunganiko unapungua. Tena kuna mambo ambayo kijia hakiyawezi hata kikibaki: gari la wagonjwa, lori la mchanga, bomba la maji, nguzo ya umeme, mfereji wa mvua. Mteremko wa Bwera unamwaga maji mengi, na Mei 2020 Lhubiriha ulikuwa miongoni mwa mito iliyofurika wilayani. Maji yasipopewa njia hupita nyumbani mwa mtu.

Pingamizi la pili ni la jiografia. Mlima huku, mbuga kule, mito katikati: ni mji gani ungechora mistari ya mraba hapa? Kwa Kilembe nimeshakubali kwamba bonde liliamua sehemu kubwa. Lakini Kamaiba na Nyakasanga ziko kwenye ardhi ileile ya tambarare iliyobeba mitaa ya reli, na bado zimetoka tofauti. Mlima haukusogea kati ya mwaka 1956 na 1996. Kilichobadilika ni mpangilio wa matendo: kwanza mauzo, kisha nyumba, kisha barabara, badala ya kuanza na barabara. Wala muunganiko hauhitaji mraba. Mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja imepinda kila upande na haina pembe mraba hata kwa dawa, lakini uchochoro wake mwingi unatokea upande wa pili, na mtu hatembei mara mbili ya umbali wake. Ubanaji wa ardhi, kwa kweli, ungepaswa kuleta mji wa karibu-karibu. Umeleta mji mrefu, unaofuata barabara ya Fort Portal upande mmoja na ya Kikorongo upande wa pili, kwa sababu kiwanja kilichogusa barabara kuu ndicho pekee ambacho mnunuzi ana uhakika wa kukifikia.

La tatu linagusa siasa, na husemwa kwa hisia: mitaa ya mistari ni alama ya mkoloni, ilipangwa ili Mwafrika ahesabike na atozwe kodi, kwa nini tuililie? Hakuna haja ya kuililia. Katikati ya Kasese ilijengwa kwa ajili ya shaba ya kampuni ya kigeni, na Mkonzo aliyeshuka mlimani miaka ile hakuwa ndiye aliyekusudiwa kukaa kwenye viwanja vile. Lakini tusimpe mkoloni sifa asiyostahili. Utafiti wa Neeraj Baruah, Vernon Henderson na Cong Peng, uliolinganisha miji zaidi ya 300 ya Afrika kusini mwa Sahara, uliona kwamba miji iliyokuwa chini ya Waingereza imetawanyika kuliko iliyokuwa chini ya Wafaransa. Waingereza walipanga kiini chao na kuwaachia watawala wa kienyeji ardhi iliyozunguka, hivyo mji ulipovuka kiini ulirukaruka. Pengo ninalolieleza Kasese kati ya amri mbili za ardhi ni urithi wa mkoloni, sawa na mitaa ya mistari yenyewe. Na mfano wa kuziba pengo hilo haukuandikwa London. Tanzania huru, miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kutenga barabara kwenye mashamba matupu ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni jijini Dar es Salaam, na vilevile Mwanza na Mbeya. Mahali pengi serikali haikujenga nyumba. Ilichora tu, ikaweka huduma za msingi, na kuwaachia watu wajenge kwa uwezo wao. Miongo kadhaa baadaye Guy Michaels na wenzake walilinganisha maeneo hayo na mengine, na kukuta kwamba pale palipochorwa kabla ya watu kuhamia nyumba ni kubwa na bora zaidi na zimepangika zaidi. Sinza haina raha ya pekee ya kuisifia, foleni zake zinajulikana. Lakini mabomba yamepata pa kupita.

Labda mtu ataridhika kwamba Uganda nayo imeshajibu: Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2010 iliitangaza nchi yote kuwa eneo la kupangwa, kuanzia Kampala hadi kilele cha Margherita. Kwa maandishi, hakuna tena pembezoni. Tatizo la sheria hiyo ni bei ya kuitekeleza kwa kuchelewa. Ibara ya 26 ya Katiba inadai fidia ya haki ilipwe kabla mtu hajanyang'anywa mali yake, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu kabisa ya Uganda, katika kesi iliyoihusu mamlaka ya barabara ya taifa, ilikazia kwamba serikali haiwezi kuchukua ardhi kwanza na kulipa baadaye. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, hasa kwa watu ambao hifadhi, mgodi na reli viliwahi kuwapita bila kuwauliza. Lakini matokeo yake kwa baraza la mji lisilo na fedha ni kwamba barabara ambayo haikuachwa wakati wa kuuza haitapatikana tena. Kuunganisha njia mbili zilizopeana mgongo huko Nyakasanga kunaweza kuhitaji mita kumi tu, na katika mita hizo kumi kuna jiko la mtu, choo cha mtu na mti wa mwembe, vyote vya kulipwa kwanza.

Bwera iko nyuma ya Kasese kwa miaka kadhaa katika safari hii, na hilo ndilo linaloipa nafasi. Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za kuingia Kongo, ikiwamo ya Kasindi hadi Beni, karibu kilomita 80. Lami hiyo italinenepesha shina: malori zaidi, bohari zaidi, bei ya ardhi ya kando ya barabara kupanda. Lakini hakuna mradi mkubwa unaoshughulika na vijia vya nyuma ya maduka, vya Nyabugando na vitongoji vingine, ambavyo ndivyo vinavyoufanya mji upitike. Vijia hivyo bado vinaonekana, vimekanyagwa hadi udongo umekuwa mgumu, na kila mkazi wa kitongoji anaweza kukutajia kila kimoja kinapoanzia na kinapotokea. Kuviandika, kuvipanua hadi mita sita hivi na kuvitaja kwenye kila karatasi ya mauziano kungegharimu siku chache za mpimaji na mabishano mengi ya wazee, wakati ardhi bado inauzwa kwa bei ya migomba. Anayeketi mahali pa kuuliza njia inapita wapi, kabla karatasi haijakunjwa, ni mwenyekiti wa LC1, na kalamu yake tayari iko mezani kila kipande kinapouzwa.